Redio ya Kahonzi na Dena

Kila Jumatano baada ya masomo, Kahonzi na Dena walibaki darasani katika shule yao ya Kakuyuni kutengeneza redio isiyotumia betri. Maabara haikuwapo. Iliahidiwa tangu kaka zao wakisoma hapo. Hadi leo ni msingi uliomea nyasi. Basi Dena alisokota waya kwenye chupa, mizunguko themanini, huku Kahonzi akilehemu. Diodi, kile kipande cha kioo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, walipewa na Fundi Saad wa Shella.

"Ni ya jerimaniamu, haipendi moto," aliwaonya. "Ishike kwa koleo unapolehemu."

Siku moja kabla ya mashindano ya sayansi ambayo redio hiyo ingeshiriki, Dena akiwa nje, Kahonzi alilehemu bila koleo. Diodi ikaungua. Akachomoa nyingine ya kioo kwenye chaja mbovu, akaijaribu kwa betri mbili na balbu. Balbu ikawaka.

"Diodi ni diodi," akajiambia. Hakumwambia mtu.

Mashindanoni redio haikutoa hata mkwaruzo. Waamuzi wakapita.

"Dena, ulikuwa unasokota waya au unasuka ukili wa mkeka?" wenzao wakacheka.

Dena alimtazama Kahonzi. Kahonzi akatazama meza. Jumatano iliyofuata Dena hakubaki.

Baada ya wiki tatu, Kahonzi alishindwa kuvumilia. Akaibeba redio hadi Shella.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Akaeleza yote. Saad akaikagua diodi.

"Hii ni ya silikoni. Betri zako zina volti tatu, lazima ipitishe. Lakini mawimbi ya antena ni hafifu, hata robo volti hayafiki. Silikoni hutaka zaidi ya nusu volti. Jerimaniamu huanza kupitisha kwa kidogo hicho hicho."

Akaweka nyingine. Mtangazaji akasikika, kwa mbali lakini wazi.

"Kumbe waya wa Dena ulikuwa sawa," Kahonzi akasema, machozi yakimlenga.

"Tangu siku ya kwanza."

Jumatatu alikiri mbele ya darasa zima. Dena alisikiliza redio kidogo, akasema, "Inaongea," akarudi kuketi. Jumatano hakubaki.

"Mwalimu, nimesema ukweli. Mbona harudi?" Kahonzi alimuuliza Mwalimu Gladys.

"Umefanya vyema kusema. Lakini ukweli wako ulitakiwa siku ile, wenzake wakimcheka. Kuunguza kitu ni bahati mbaya, Kahonzi. Kumwachia mwenzako aibu yako, hilo ulilichagua. Nenda ukamwombe radhi kesho, wala usimhimize akusamehe."