Kasa Wadogo wa Troyeville

Pacifique alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kando ya bwawa la saruji, ndani ya ghala lake la Troyeville. Damu ilikuwa imeganda kisogoni. Bomba la chuma lilikuwa limetupwa karibu na miguu yake.

Inspekta Ishaka alichuchumaa, magoti yakamlia. Juma zima hakuwa amelala vizuri, na hii ilikuwa maiti nyingine tu ya Johannesburg. Alimwacha mtaalamu wa alama za vidole na bomba lake, akamgeukia mjane, Jocelyne.

"Marehemu alikuwa akifuga nini humu?"

"Kasa wa maji baridi, papa," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Wa nyama. Supu yao wanapewa wagonjwa, wapate nguvu."

Bwawa moja lilijaa kasa wanene, wapana kama sinia. La pili lilikuwa na maji matupu.

"Na humu?"

"Wale wa mbegu ya zamani. Wadogo, hawanenepi upesi. Pacifique alisema wanakula chakula chake bure."

"Kwa hiyo mwizi kaacha wakubwa, kabeba wadogo?"

Jocelyne aliitikia kwa kichwa, akitazama maji matupu.

"Nani angewataka?"

"Benita peke yake," alisema kwa shida. "Ndiye anayechagua madume na majike ya kuzalisha. Yeye na Pacifique walianza pamoja kazi hii."

Benita aliishi ghorofani, mtaa wa Bertrams, si mbali. Alifungua mlango bila kuuliza ni nani. Korido ilikuwa imelowa. Bafuni, kasa wadogo walikuwa wakikwaruza kuta za hodhi la kuogea.

"Eish, mama," alishangaa Ishaka, akarudi sebuleni, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Pacifique alinipa."

"Lini?"

"Jana jioni."

"Kwa hiari yake?"

Benita alichukua tambara, akaanza kufuta maji ya korido.

"Bomba lina alama za vidole. Maabara watasema. Ningependa kusikia kwako kwanza."

Benita aliketi naye.

"Nilichagua wanaokua haraka, papa. Kila kizazi, wanaokua haraka tu. Tukapata kasa wakubwa, tukafurahi. Kisha nikapeleka nyama ikapimwe. Protini imepungua, yamebaki mafuta na maji. Hawa wadogo nyama yao ni ile ile ya mwanzo."

"Ukamwambia Pacifique?"

"Nilimwambia turudishe damu yao, tuzalishe upya. Akasema mteja ananunua kwa kilo. Jana nikamkuta ananoa kisu, awachinje wote apate nafasi. Wakiisha hawa, hakuna pa kurudia. Nikamtajia Arlène. Akacheka, akanipa mgongo. Bomba lilikuwa pale pale."

"Arlène ni nani?"

"Dada yangu. Alilazwa miezi mingi, hadi akafa. Supu yetu nilimpelekea mwenyewe kila siku, nikimwambia inamjenga. Alikuwa akikonda, nami nazidi kumwambia anywe."

"Supu ndiyo iliyomuua?"

"Hapana, papa. Ugonjwa." Alijifuta uso kwa kanga. "Lakini hakuwa akila kitu kingine."

Ishaka alitoa pingu.

"Nani atawalisha?" Benita aliuliza, akitazama bafuni.

"Nitamwambia Jocelyne."

"Atawauza."

"Labda."

Alimfunga pingu kwa mbele, si kwa nyuma. Lifti ilikuwa mbovu. Wakashuka ngazi polepole, Ishaka akitangulia.