Njia Kumi Ambazo Mwanvua Hakuzijaribu

Kila siku alipotoka shuleni, Mwanvua alikula, akaosha vyombo, kisha akaenda kwa shangazi yake Djamila, nyuma ya soko la Kasongo. Djamila alitunga hadithi za katuni, akazichora, halafu akaziandikia programu kwenye kompyuta ili zisomwe katika simu. Msomaji alichagua mhusika afanye nini. Akigusa jibu, ukurasa mwingine ulifunguka.

Kazi ya Mwanvua ilikuwa kujaribu njia zote na kuweka alama daftarini. Juma lile hadithi ilimhusu mtoto mwenye kiu anayechagua maji ya kunywa. Wanafunzi wa kijiji cha Lusangi waliingoja, kwa maana kuhara kulikuwa kumeingia kwao. Njia zilikuwa arobaini. Alipofika ya thelathini, wenzake walimwita wakaruke kamba. Akatia alama kumi za harakaharaka.

"Umejaribu zote?" Djamila akauliza.

"Zote, shangazi."

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, mwalimu Roger wa Lusangi alikuja kuchukua simu yenye hadithi. Alipowasha pikipiki, Mwanvua alimkimbilia.

"Mwalimu, ngoja!"

"Iko nini, mutoto?"

"Nilidanganya. Njia kumi sikuzigusa."

Roger alitazama jua. "Lusangi iko mbali, Mama Djamila."

"Najua. Lakini zima pikipiki, tafadhali."

Wakaketi barazani. Katika njia ya thelathini na saba, Mwanvua alichagua "Kunywa maji ya mtoni." Ukatokea ukurasa wa mtoto mwenye afya, anacheka, na chini yake maneno: "Umefanya vizuri!"

Roger akaguna. "Watoto wangeniamini, wakanywa ya mtoni."

"Kosa hilo ni langu," alisema Djamila. "Nilikosea namba ya ukurasa."

Akasahihisha, wakajaribu tena tangu mwanzo. Sasa mtoto alilala mkekani, tumbo linamkata, na mama yake anachemsha maji. Adhuhuri Roger aliondoka.

"Shangazi, utanipa kazi tena?" Mwanvua aliuliza, macho chini.

"Nitakupa. Sisi tunaoandika programu tunakosea kila siku, ndiyo sababu tunajaribu. Lakini ukisema umeangalia na hukuangalia, unanifumba macho, nami nawafumba watoto wa Lusangi. Leo uliona haya mbele ya mgeni, na bado ukasema kweli. Shika hivyohivyo, mwanangu. Kazi nzuri huanza hapo."