Salamu ya Gia ya Pili

"Kware, ulezi umetoka ghalani. Narudia, ulezi umetoka ghalani."

Bertilla alimwaga chai iliyobaki kikombeni, akainua redio ya Motorola iliyofichwa chini ya dashibodi.

"Kware nakupata. Gari gani?"

"Land Cruiser pikapu, nyeupe, vioo vyeusi. Imepita Chala saa sita, sasa inatoka Majengo kuja kwako. Abiria ni yule mgeni tunayemtafuta. Ana kasha la viwashio vya mabomu, mia mbili. Leo vikivuka mpaka, kesho madaraja ya reli ya jirani zetu yataanguka na watu wakiwa ndani ya treni."

"Dereva?"

"Hajulikani. Asivuke daraja la Msanzi. Asiposimama, piga."

"Nimekupata."

Alipapasa chini ya kiti. Bastola yake ya Browning ilikuwa mahali pake.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Juni, na upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Mtu yeyote aliyepita angemwona mwanamke wa makamo, koti zito, ndani ya Peugeot 504 ya mwaka 1978 iliyoegeshwa kando ya barabara. Angecheka kidogo na kwenda zake. Hapo ndipo angekosea.

Gari lile lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Yonas. Kwa miaka kumi na moja lililala uani Msanzi, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mdogo wake, Loth, fundi wa magari pale Majengo, ndiye aliyelifufua. Alikaa nalo miaka miwili. Alitoa injini iliyokwisha akaweka ya Toyota Hilux. Akaweka giaboksi ya gia tano, breki za diski mbele na nyuma, usukani mwepesi, taa za LED. Rangi ya maziwa akaipiga kwa mkono wake mwenyewe, ile ile ya zamani, kisha akamkabidhi dada yake ufunguo.

"Dada, gia za siku hizi hazitaki salamu," alimwambia. "Kanyaga, ingiza, nenda zako."

Wakacheka mpaka machozi. Loth aliamini dada yake ni mtu wa bima. Bertilla aliamini mdogo wake anatengeneza magari tu.

Land Cruiser ikapita. Kasi mia na ishirini.

Bertilla akawasha moto.

Aliiacha itangulie mita mia tatu, dirisha likiwa wazi. Mashamba ya ulezi uliovunwa yalikimbia pande zote. Mbele kulikuwa na mlima mfupi lakini mkali, na pikapu ikaanza kuupanda, ikaishiwa nguvu, dereva akashusha gia.

Mngurumo ukakatika. Ukatulia kidogo. Mafuta yakagongwa mara moja, vuum. Ndipo gia ya pili ikaingia.

Bertilla akasahau kukanyaga mafuta.

Mzee Yonas aliendesha lori la misheni miaka thelathini. Giaboksi ya lori lile ilikuwa jeuri. Ukiilazimisha, inasaga meno hadi kijiji cha pili wanakusikia. Kwa hiyo aliwafundisha wanawe: kanyaga klachi, toa gia, iache ipumzike nyutro, achia, gonga mafuta, kanyaga tena, ingiza. Ili wasikosee muda, aliwapa salamu. Gia ikiwa nyutro, Loth, mdogo, aseme "Shikamoo." Ikiingia, Bertilla, mkubwa, aitikie "Marahaba." Walikuwa wakipiga kelele hizo wakiwa wamebanana pembeni ya baba yao, kutoka Msanzi hadi mjini, na yeye anacheka.

Watu wawili tu Ufipa nzima walifundishwa hivyo. Mmoja alikuwa ndani ya Peugeot.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, mdogo wangu."

Pikapu ikashusha tena. Shikamoo. Marahaba. Giaboksi ya Land Cruiser haikuhitaji adabu yote ile. Ni mguu tu uliozoea.

Redio ikakoroma. "Kware, umebakiza kilomita nne. Unamwona?"

"Namwona."

Machozi yalikuwa yanamziba, akayafuta kwa mkono wa koti. Akafikiria kugeuza gari. Kweli, aliwaza hivyo, kwa muda wa kona moja nzima. Halafu akaziona treni, na watu madirishani.

Akakanyaga mafuta.

Na yeye mguu wake ulikuwa na mazoea yale yale. Kila alipobadilisha gia, alipoteza sekunde kwa salamu. Akaumeza uchungu, akafanya alivyoambiwa na fundi. Kanyaga, ingiza, nenda zako. Ya tatu. Ya nne. Gia ziliingia laini bila kulalamika. Loth mbele yake alisalimia kila gia, na kila salamu ilimpa Bertilla urefu wa gari moja.

Kwenye tambarare akamfikia. Akampita kwa upande wa kulia, vioo vikikaribia kugusana, akatangulia hadi darajani. Breki za diski zikashika. Peugeot ikageuka, ikasimama imekingama katikati ya daraja, ikaziba njia yote.

Hakutoka. Alikaa ndani, bastola mapajani.

Land Cruiser ilikuja bila kupunguza. Kupitia kioo cha mbele sasa aliziona sura mbili. Mgeni alikuwa anapiga kelele na kunyoosha kidole mbele: gonga. Loth alikuwa anaitazama rangi ya maziwa. Kisha akamtazama aliyekuwa ndani.

Usukani ukazungushwa.

Pikapu iliacha barabara na kuruka shambani, kwenye yale matuta makubwa ya mviringo ya Wafipa, yaliyojazwa nyasi za kuoza. Ikalivunja la kwanza, la pili likaimeza hadi ekseli.

Mgeni alitoka na Glock mkononi. Bertilla alishafika. Alipiga mara moja, gotini. Glock ikaruka. Akamfunga pingu, akachungulia nyuma ya pikapu. Kasha lilikuwa zima.

Loth alikuwa ameketi bado, mikono juu ya usukani, paji la uso linavuja damu.

"Dada," alisema. "Kumbe si bima."

"Kumbe si magari tu."

"Umenijuaje?"

"Umesalimia gia."

Alifumba macho. "Mwanzoni walinambia ni vipuri."

"Na ulipojua si vipuri?"

"Nilikuwa nimeshaingia, Dada. Niliogopa kutoka."

Akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zililia mara mbili.

"Kituo, ulezi umerudi ghalani," alisema redioni. "Mgeni amejeruhiwa, leteni gari la wagonjwa. Dereva namleta mwenyewe."

"Kazi safi. Dereva ni nani?"

"Loth Yonas. Fundi, Majengo."

"Yonas? Kama wewe?"

"Kama mimi."

Wenzake walipofika kumchukua mgeni na kasha, alimweka Loth kiti cha nyuma na kuondoka. Wakafika ule mlima mkali. Gari likaishiwa nguvu. Bertilla akakanyaga klachi, gia ikakaa nyutro.

Kutoka nyuma, kwa sauti ndogo sana, Loth akasema, "Shikamoo."

Bertilla akaingiza gia ya pili. Hakuitikia.

Kituoni Sumbawanga watu wanne walimpokea Loth. Aligeuka mlangoni mara moja tu, akamtazama dada yake. Mkuu wa kituo akampa Bertilla mkono, akamsifu, akamwambia apumzike wiki. Akashukuru, akavaa miwani yake ya jua, akatembea hadi kwenye gari bila kuharakisha. Polisi wa zamu alimsindikiza kwa macho na kumwambia mwenzake kwamba yule mama ana roho ya chuma.

Ndani ya Peugeot, vioo vikiwa vimefungwa, aliwasha moto. Akatoka getini na gia ya kwanza. Akakanyaga klachi, akaiacha gia ipumzike nyutro, kwa muda mrefu kuliko alivyofundishwa.

"Marahaba," alikiambia kiti cha nyuma. "Marahaba, mdogo wangu."

Ya pili ikaingia.