Ubao Wenye Joto

Ubao wa jikoni ulikuwa na joto, na wiki nzima jua halikuwa limetoka. Mwalimu mstaafu aliuwekea kiganja, akakiondoa, akakirudisha. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa kama la godoro ambalo mtu ameamka sasa hivi. "Mbao nzuri huwa hivyo," akajiambia, ingawa kuhusu mbao alijua yale tu aliyoyasoma.

Mkewe alikuwa ameomba jiko jipya miaka kumi na mmoja. Kila mara alijibiwa "likizo ijayo," hata akambandika mumewe jina la Bwana Likizo. Sasa alikuwa na miezi saba kaburini, na Bwana Likizo, asiye na la kufanya mchana kutwa, akaamua kulijenga kwa mikono yake. Ubao aliupata kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Mweusi, mzito, kipande kimoja. Akapima, akakata, akatoboa tundu la sinki, akaulaza juu ya makabati na kuukaza kutoka chini kwa skrubu kumi na mbili. Muda wote huo alizungumza na marehemu kwa sauti ndogo. "Jiko lako ndilo hili, mke wangu. Nisamehe."

Siku ya tatu, saa nane mchana, alisikia kisu kikikatakata jikoni. Alipoingia, visu vyote vilikuwa ndani ya droo. Kulikuwa na harufu ya vitunguu, na nyuma yake harufu ya sabuni aliyoogea mkewe.

"Bwana Likizo," sauti ikaita kutoka kwenye ubao. "Umechelewa, lakini umefanya."

Alilia kama mtoto, na hakuogopa hata kidogo.

Aliyeogopa ni binti yake, ambaye huja kumwona kila Jumamosi. Alimkuta ameinamia ubao, viganja viwili vimelala juu yake, mashavu yamebonyea, shati linampwaya.

"Baba, umekula lini?"

"Nyamaza kidogo. Mama yako anaongea."

Binti akamshika mkono amwondoe, mkono haukutoka; akavuta kwa nguvu zaidi, na chini ya kiganja ikasikika pumzi ikivutwa, ndefu, yenye mate, kama ya mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa, na kiganja kilipobanduka kilikuwa cheupe kama karatasi, hakina mstari hata mmoja, na kutoka ndani ya ubao sauti ya mama yake, ile ile iliyombembeleza utotoni, ikasema taratibu, "Mwache. Ni wangu."

Kesho yake binti alileta mganga, mama mfupi mwenye miwani na mkoba wa kamba. Hakupiga kelele wala kuchoma kitu. Alinusa ukingo wa ubao, akauliza ulikotoka.

"Huyu jini aliachwa bila nyumba," akasema. "Hana sura yake mwenyewe, huvaa anachopewa. Mzee, umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Umempa maneno. Haya, mwulize jambo ambalo hujawahi kulitamka humu jikoni."

Mwalimu akauinamia ubao. Kisha akasema, "Mke wangu, maneno yako ya mwisho kwangu yalikuwa yapi?"

"Nilikushika mkono," ubao ukajibu, "nikakwambia nimekusamehe."

Hakuwahi kuambiwa maneno matamu kama yale, na yalikuwa uongo. Siku ile alifika hospitali shuka likiwa limeshamfunika mkewe uso. Alikuwa amekwenda nyumbani kubadilisha nguo, akajinyoosha kitandani dakika mbili, usingizi ukamchukua. Watu wote aliwaambia ni foleni ya magari.

"Si yeye," akasema.

"Basi mtoe," mganga akamwambia. "Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Mimi nitakusindikiza kwa dua."

Akachukua bisibisi, akalala chali ndani ya makabati. Skrubu ya kwanza ilipolegea sauti ilicheka vile mkewe alivyocheka walipokuwa wachumba, kwenye ya tano ikalia, kwenye ya tisa ikakohoa kikohozi kile kile cha wodini, kikavu, kisichoisha, na kwenye ya kumi na mbili ikamwomba tu, kwa upole, asimwache afe mara ya pili, naye akaizungusha ile skrubu mpaka ikadondoka, machozi yakimtiririkia masikioni.

Ubao uliposhushwa ulikuwa baridi. Mganga na mtu wa mkokoteni aliyeitwa barabarani wakaondoka nao, na hakuna aliyeuliza unapelekwa wapi.

Baba na binti wakabaki wameketi sakafuni, migongo kwenye makabati yaliyo wazi.

"Siku ile hakukuwa na foleni," baba akasema. "Nililala."

"Najua, baba. Ulikuja na alama za mto shavuni."

Mzee akaokota skrubu moja sakafuni, akaigeuzageuza.

"Aliniulizia?"

"Mara mbili. Mara ya pili nikamwambia umeshafika, unapanda ngazi." Binti akafuta uso kwa kiganja. "Akaniambia nikusogezee kiti."