Kibano cha Fundi Saa

Ndugu zangu wa mtaa, hili ninalowasimulia sote tulilitia mkono, basi msinitazame mimi peke yangu.

Mnakikumbuka kibanda cha fundi saa, pale kwenye ngazi za benki? Kila jioni binti yake wa miaka tisa, tuliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, alikaa kwenye kigoda akafumba macho. Baba alimwekea saa sikioni, naye akataja: "Hii inachelewa. Hii imelegea skrubu." Hakukosea. Tulicheka, na baba mtu tukambandika jina la Daktari. Jina likamwingia kichwani.

Kisha Kasuku akashikwa na mafua, sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Nesi wa zahanati alichungulia, akasema ngoma ya sikio imetoboka, akaandika barua ya hospitali kubwa. Barua ilikaa chini ya redio wiki mbili.

"Baba Kasuku, tunampeleka lini?" mkewe aliuliza.

"Nifunge kazi nikashinde kwenye foleni? Mimi nafungua saa ndogo kuliko ukucha wa mtoto, sikio litanishinda?"

"Sikio si saa."

Nilikuwepo, nami nikadakia, "Shemeji, mwache Daktari afanye kazi yake." Mungu anisamehe.

Akavaa kioo chake cha jichoni, akawasha taa ya mezani. Ndani kabisa, kupitia lile tundu, akaona kitu cheupe.

"Mchawi wetu huyu hapa," akanong'ona. "Tulia, mama." Akaingiza kibano, akabana, akavuta.

Kasuku alipiga ukelele mmoja tu. Macho yakaanza kumcheza, akang'ang'ania meza. "Baba, nyumba inazunguka!" Akatapika. Damu ilikuwa imefika kwenye kola ya sare yake ya shule.

Tulimkimbiza hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji wa huko hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Sauti hupita humo kuingia sikio la ndani. Kikuku ni kidogo kuliko punje ya mchele, nacho ndicho kimekaa kwenye mlango wa mwisho. Sisi tunakiendea kwa hadubini, na bado tunaogopa kukigusa. Kile cheupe hakikuwa uchafu, mzee. Ulivuta fuawe, ikang'oka na kikuku."

Fundi alitazama vidole vyake. "Si utavirudisha?"

"Vifupa naweza kuvitengeneza. Lakini maji ya sikio la ndani yamevuja. Nitaziba. Kusikia, siahidi."

Kasuku alipasuliwa siku hiyohiyo. Kizunguzungu kiliisha baada ya wiki kadhaa.

Juzi nilipita kibandani. Kasuku alikuwa kwenye kigoda chake, amefumba macho, ameziba sikio la kulia kwa kidole, na baba ameshika saa karibu kabisa na la kushoto, bila kuligusa. Hata mimi niliisikia ikigonga.

"Weka basi, baba," Kasuku akasema. "Mbona huweki?"

FUNZO

Ustadi wa kazi moja si ruhusa ya kuingilia nyingine. Sikio likitoa usaha, lipelekwe kwa wenye kazi yao. Lisitiwe kibano, njiti wala unyoya. Kuuliza si ujinga, na foleni haijamtoa mtu sikio. Nasi tunaosimama kando kusifu, tupime maneno yetu. Mimi niliyesema "mwache", mkono wangu ulikuwa kwenye kile kibano.