Nani Amemkata Mbuzi?

Haya alinisimulia binti mwenyewe, Jumamosi moja shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa kwenye foleni ya kusaga unga, na mashine ilikuwa imegoma. Yeye alikuwa na muda, mimi nilikuwa na masikio.

Binti huyo ana miaka kumi na sita. Watu humwita Penseli, kwa sababu hawezi kuona karatasi tupu akaiacha hivyo hivyo. Anaishi na baba yake, bibi yake na mdogo wake wa kike wa miaka mitano. Mdogo huyo jina lake la utani ni Chiriku. Ukikaa naye asubuhi utajua kwa nini. Anaongea akivaa, anaongea akila, anaongea hata akipiga mswaki.

“Tema kwanza, ndipo useme!” bibi humwambia.

Ukoo wao ni wenyeji wa asili wa pale. Walikuwapo kabla ya barabara, kabla ya mji. Sasa wamebaki wachache, wa mtaa mmoja, na lugha yao husemwa nyumbani tu. Shuleni husemwa lugha nyingine.

Basi Chiriku alipoanza shule ya awali, alifunga mdomo. Wiki ya kwanza, kimya. Mwezi wa tatu, kimya. Watoto wenzake wakampa jina jipya: Bubu.

Mwalimu akamwita baba yake.

“Mzee wangu, mtoto haniitikii hata nikimwita jina. Akiendelea hivi, mwakani wenzake wataenda mbele, yeye atabaki.”

Baba ni fundi baiskeli. Jioni ile alirudi amekunja uso, hata mikono hakunawa.

“Kuanzia leo lugha yetu marufuku humu ndani,” alisema. “Tunasema ya shule tu.”

“Na mimi je?” bibi akauliza. “Mimi ya shule najua ‘asante’ peke yake.”

“Basi mama, utakuwa unashukuru.”

Penseli alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Siku nne tu, na nyumba ikawa kama yenye msiba. Bibi hakuongea. Na Chiriku, yule yule Chiriku, akaanza kunyamaza hata wakati wa kula. Penseli akaogopa.

Akaenda maktaba. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa anagundisha kitabu kilichochanika.

“Shikamoo, mama. Kuna kitabu cha watoto cha lugha ya kwetu?”

“Marahaba, mwanangu. Hakuna hata kimoja. Kwani vipi?”

Penseli akamweleza yote. Mkutubi akaweka gundi chini.

“Baba yako anampenda mtoto, ila ameshika njia isiyofaa. Mtoto hujifunza lugha ya pili akiiegemea ile ya kwanza. Ukimwondolea ya kwanza, ataegemea nini? Mwacheni aongee nyumbani, tena mumsomee. Ya shule itaingia.”

“Tumsomee nini, mama, na vitabu hamna?”

“Wewe si unachora? Kitengeneze. Mashine ya kutoa nakala ninayo. Wino uliobaki unatosha vitabu thelathini, na mwingine ni mpaka mwakani.”

Penseli hakutembea kurudi nyumbani, alikimbia. Njiani alimpitia Ngongoti, kijana mrefu wa darasa lake, wa ukoo huo huo, mwenye mwandiko mzuri. Kila mara baba alipokuwa kazini, wawili hao walijifungia jikoni na bibi.

Walichagua hadithi ya mbuzi mlafi. Ngongoti akasoma alichoandika.

“Hapo kale aliishi mbuzi ambaye alikuwa na mwenendo usioridhisha...”

“Huyo ni mbuzi au diwani?” bibi akamkatiza. “Sema kama watu. Mbuzi kala kofia ya babu! Basi. Mtoto ameshaelewa, ameshacheka.”

Wakafuta, wakaandika upya. Mbuzi kala kofia. Mbuzi kala soksi. Mbuzi kala sabuni, povu likamtoka puani. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya tano kurasa nane zilikuwa tayari. Penseli aliupenda zaidi ukurasa wa kwanza. Alikuwa amechora kichwa cha mbuzi peke yake, kikichungulia kutoka pembeni mwa karatasi, kama kwenye sinema.

“Tuchape leo leo!” Ngongoti akasema maktabani, kidole kiko kwenye kitufe cha mashine.

Mkutubi akakiondoa kidole. “Taratibu, Ngongoti. Kitabu cha watoto hakichapwi kabla watoto hawajakiona. Tukikosea, wino ndio umekwenda.”

“Lakini mama, mimi najua kuchora,” Penseli akasema.

“Hilo silikatai. Tuone kama wao wanakuelewa.”

Kesho yake mwalimu wa Chiriku akawapa nafasi, na mkutubi akafuatana nao. Watoto walikaa kwenye mkeka. Wengi wao walitoka nyumba za lugha ile ile. Penseli akainua ukurasa wa kwanza kwa furaha.

Mtoto mmoja akaanza kulia.

Kisha ikatoka sauti nyuma kabisa, kwa lugha ya nyumbani.

“Nani amemkata mbuzi?”

Alikuwa Chiriku, amesimama, mikono kiunoni.

“Dada, miguu yake iko wapi? Umemuua!”

“Amechinjwa!” mwenzake akadakia.

“Hajachinjwa, amebanwa na mlango!”

“Mlango gani? Unauona wapi mlango, wewe?”

Darasa likawa soko. Mwalimu alishika mashavu. “Amesema nini? Chiriku amesema nini?”

Chiriku akamgeukia. Akatafuta maneno, akayapata. Akasema kwa lugha ya shule, polepole:

“Mwalimu, mbuzi hana miguu.”

Penseli alitaka kujificha kwa aibu, na alitaka kuruka kwa furaha. Akaishia kucheka na machozi. Mkutubi akamnong'oneza:

“Umeona? Mtoto mdogo anaamini kilicho kwenye karatasi. Usichokichora, kwake hakipo. Mpe mbuzi mzima, kwato mpaka mkia. Na ule ukurasa wa sabuni umeujaza vitu, mbuzi mwenyewe hawamwoni.”

Jioni mwalimu mwenyewe alimfuata baba kwenye karakana yake ya baiskeli. Hatujui walisemezana nini. Tunajua kwamba baba aliingia nyumbani, akavua kofia, akamwambia bibi kwa lugha yao:

“Mama, marufuku imekwisha. Nilikosea.”

Bibi akaanza kuongea pale pale, kama aliyefunguliwa bomba.

Penseli alichora upya kwa siku mbili. Mbuzi mzima, mkubwa, kitu kimoja kila ukurasa. Walirudi kwa watoto. Safari hii hakuna aliyelia, wote walipiga kelele: “Kala sabuni!” Ijumaa mchana mashine ikaunguruma, vitabu thelathini vikatoka vya moto kama maandazi.

Kila mtoto alipewa chake aende nacho nyumbani. Mwalimu akasema Chiriku ataenda mbele na wenzake, kwa sharti moja: awe anamwachia na yeye nafasi ya kuongea.

Jioni ile ile Chiriku aliwakalisha wote mkekani, akawasomea. Alisoma kwa lugha ya nyumbani, kisha akasema ya shule, kisha akauliza maswali. Baba alijibu kitabu kiliposomwa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu alikuwa anakoroma, viatu miguuni. Bibi naye akasinzia kwenye kiti.

“Hawa hawana adabu,” Chiriku akasema. Akaanza tena. Alipofika kwenye soksi, sauti ikapungua, ikakatika katikati ya neno.

Penseli akamfunika, akajilaza pembeni yake. Kichwani kitabu cha pili kilikuwa kimeshaanza. Kitakuwa cha kuku na vifaranga wake kumi na mbili, wote wazima, kila mmoja na miguu yake. Akaanza kuihesabu ile miguu. Miwili, minne, sita... Kifaranga wa saba hakumfikia. Usingizi ulimchukua.