Kopo la Kimchi

— Kopo langu liko wapi?

Mke alikuwa ameshika mlango wa friji. Mume, fundi makanika, alikuwa ananawa grisi kwenye sinki, wala hakugeuka.

— Lile la kabichi? Nimemwaga. Limechacha, mke wangu! Nimefungua likatoa povu, nikajua leo tunazikwa wote.

— Umemwaga kimchi yangu?

— Kimchi ndiyo nini tena?

— Chakula cha Wakorea, kinachachushwa makusudi! Kesho nilikuwa nakipeleka mgahawani kwao waonje, wanipe kazi ya jikoni. Nilikuambia, ukasema niondoe upuuzi kwenye friji yako.

"Friji yako!" Jamani, wanaume wengine midomo yao ipelekwe gereji. Mke hakulia. Alifungasha nguo akaenda kwa dada yake, na baba mzima akabaki ameduwaa, mikono imejaa sabuni.

Wiki ikakatika, simu hazipokelewi. Ndipo akajikokota hadi kwenye mgahawa ule wa Kikorea, akaagiza kimchi kwa kumwonyesha mhudumu picha ukutani. Tonge la kwanza lilimkunja uso. La pili alikaa nalo mdomoni. La tatu, lo! Akaikomba sahani, kamasi zinamtoka. Kama ni pilipili au ni majuto, anajua mwenyewe. Akaandika ujumbe:

"Mke wangu, nimeonja kimchi. Ni tamu. Nisamehe."

"Umeonjea wapi?"

"Niko mgahawani kwao. Njoo tule wote, tafadhali."

Akaja. Alikaa, lakini chakula hakukigusa.

— Ngoja niongee na mwenye mgahawa, mume akasema. Nimwambie kosa ni langu, akupe hiyo kazi.

— Ameshapata mpishi. Hiyo uliyokula ndiyo kazi ya mkono wake.

Mume akaisukuma sahani pembeni.

— Basi turudi nyumbani, utengeneze nyingine. Nitakusaidia hata kukata.

— Kurudi nitarudi. Bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini kimchi sitengenezi tena.

— Kwa nini, mama?

— Ile kabichi niliikata huku naimba. Wewe hujui, ulikuwa kazini. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuonja, kabla yao. Sasa hamu yenyewe sina.

Mume akalipa chakula. Walirudi nyumbani pamoja, na jioni ile jikoni hakuingia mtu.